Nyuki Katika Spika ya Bwana Nasoro

Tangu nirudi kutoka Ziba sijanywa chai yangu kwa raha. Kila anayepita mbele ya karakana yangu anasimama mlangoni na kuuliza, "Fundi Yakobo, hebu tueleze, ilikuwaje huko?" Na kila anayeuliza amekwisha kusikia habari nusu nusu. Mmoja anajua kwamba tulishikwa kwa kutaka kupora mashamba ya watu. Mwingine anajua kwamba nilimimina kahawa ya Bwana Nasoro kwenye injini kwa hasira. Yote mawili yana ukweli ndani yake, lakini yamekaa vibaya. Basi nimeamua kuandika yote mara moja, na atakayeniuliza tena nitamkabidhi karatasi hizi niendelee na kazi.

Mambo ya barua na vibali sitayagusa, maana hayana utamu. Nitaanza na gari.

Gari lenyewe mnalijua. Ni ile pikapu ya kijani ya Bwana Nasoro, Mwarabu wetu wa hapa Tabora ambaye babu zake wamezikwa hapa hapa, na ambaye Kinyamwezi chake kinawashinda baadhi yenu. Juu ya paa pana spika yenye mdomo mpana kama ua la boga. Ndani, chini ya kiti, pana mashine ya kukuza sauti niliyomfungia kwa mikono yangu ili atangaze vitambaa na majembe minadani. Kazi ya redio niliisomea jeshini wakati wa vita, na sioni haya kusema kwamba ninaiweza. Mtaona jinsi majivuno hayo yalivyonitokea puani.

Aliyetutoa mjini ni Padre Anselmi. Ni mtoto wa Ziba, amepewa upadre mwaka huu baada ya masomo ya miaka mingi katika seminari ya Kipalapala, na Jumapili ile alikuwa anakwenda kusoma misa yake ya kwanza nyumbani. Baba yake, Mzee Nkwabi, hakuutaka upadre huo hata kidogo. Mtoto wa kiume asiyeoa wala kuzaa, kwa mzee huyo, ni ukoo uliokatwa kwa shoka. Siku Anselmi alipoondoka kwenda seminari, mzee alitamka kwamba hana tena mtoto wa jina hilo, naye akamkataza mkewe kumtaja mtoto huyo wala kumfuata aliko. Toka siku ile Anselmi alikuwa hajasemezana na baba wala mama. Na juu ya hayo, mwaka jana aliugua koo. Akapona, lakini sauti haikurudi yote. Anaongea kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto mchanga.

"Kanisa la Ziba liko juu kidogo," aliniambia siku alipokuja karakanani, nami ikabidi nisogeze sikio. "Nyumba ya baba iko ng'ambo ya mbuga, mwendo wa robo saa. Hatakuja kanisani, hilo nalijua. Lakini upepo wa asubuhi huelekea upande wake. Nataka wayasikie maneno yangu, yeye na mama. Maneno, Fundi, si makelele."

"Neno kwa neno, Padre," nikamjibu. Mimi ni Mmoraviani, yeye Mkatoliki, lakini ahadi ni ahadi.

Alhamisi asubuhi: Kipalapala

Tulifika Kipalapala mapema kumchukua Padre, baridi ya mvua ya usiku bado iko hewani. Jana yake mchana nilikuwa nimeijaribu mashine karakanani ikatoka safi kabisa. Kwa hiyo Padre alipoomba wenzake wa seminari waisikie kidogo kabla hatujaondoka, sikusita. Bwana Nasoro akawasha gari, nikampa Padre maikrofoni.

Ukatoka mvumo. Ulianza chini, na kila Nasoro alipokanyaga mafuta ukapanda mpaka ukawa mluzi, na alipoachia ukashuka tena. Sauti ya Padre ilikuwa humo ndani mahali fulani, lakini ungeitafuta mpaka kesho. Wanafunzi wakaangua kicheko, na mmoja akapaza sauti, "Padre, umetuletea mzinga wa nyuki!" Padre naye alicheka. Lakini niliona alivyonirudishia maikrofoni haraka, bila kunitazama, na hilo liliniuma kuliko kicheko chenyewe.

"Si tuzime gari tu wakati anahubiri?" akauliza Bwana Nasoro.

"Betri yako hii? Itakata pumzi kabla hajamaliza ishara ya msalaba."

"Basi itakuwaje?"

"Kelele hii nitaitoa kabla hatujafika Ziba," nikasema, "hata kama nitalifungua gari vipande vipande."

"Gari la nani?" akauliza.

Nikaanza kukusanya spana zangu. Nilikuwa nimeshapandwa na mori.

Alhamisi: Tabora hadi mbele ya Puge

Njia ya kaskazini ndiyo waliyopita babu zetu na mizigo ya watu mabegani, na kwa jinsi ilivyokuwa wiki ile, nadhani wao waliifaidi zaidi kwa miguu. Tulikwenda kwa kuruka mashimo. Padre alikaa katikati, sanduku lake la misa mapajani. Mimi nilikaa dirishani, na sikio langu lote lilikuwa kwenye spika, maana nilikataa katakata kuizima. Watu walitoka majumbani wakidhani mnada umekuja, wakatukuta tunapita na mluzi wetu bila tangazo.

Sasa, kelele za gari ziko za namna mbili, na atakayetaka kuziondoa lazima kwanza ajue anapigana na ipi. Kelele ya plagi inagonga: ta-ta-ta-ta. Kelele ya dinamo inalia, inapanda na kushuka. Hii ya kwetu ilikuwa inalia, lakini nilitaka ushahidi. Tulipofika kwenye mteremko mmoja mrefu nikamwambia Bwana Nasoro, "Kata swichi, lakini usitoe gia."

"Unataka kutuua?"

"Kata swichi, bwana!"

Akakata, huku anasoma dua. Gari likawa linateremka kwa uzito wake, injini inazungushwa na magurudumu tu. Kama kelele ingekuwa ya plagi ingekufa papo hapo, kwa sababu plagi haziwaki tena. Haikufa. Iliendelea kulia mpaka chini ya mteremko, ikapungua kadiri gari lilivyopungua.

"Dinamo!" nikapiga kelele kwa furaha. Padre akafanya ishara ya msalaba, sijui kwa ajili ya dinamo au kwa ajili ya mteremko.

Tukaegesha chini ya mti. Nikaifungua dinamo, nikapiga msasa mahali makaa yake yanapogusa, nikabadilisha na kondensa yake, kile kikopo kidogo cha kumeza kelele, maana nilibeba ya akiba. Bwana Nasoro alitandika mkeka akatoa halua na birika lake la kahawa, ambalo hasafiri bila hilo hata akienda sokoni. Mimi nilikuwa na michembe ya mke wangu na karanga. Yeye huitania michembe, anasema ni viazi vilivyokufa kwa kiu, lakini mkono wake haukutoka kwenye kikapu changu.

Nilipomaliza jua lilikuwa kali na injini ina moto. Nikawasha. Kimya! Padre akasema maneno matatu tu, nayo yakatoka juu ya paa yakiwa safi kama yamefuliwa. Tukashikana mikono wote watatu. Nilivimba kichwa mpaka jioni, tulipoomba malazi katika kijiji kimoja mbele ya Puge.

Ijumaa: kijiji cha watu wenye ardhi yao

Asubuhi nikawasha gari nimsikilizishe mwenyeji wetu. Nyuki wamerudi wote.

Sitaeleza niliyoyasema. Padre, namshukuru Mungu, alikuwa amekwenda kumwona mgonjwa. Nilifungua boneti nikaanza upya. Kama si dinamo, basi ni ardhi. Sisi mafundi wa redio tunasema mashine "imepata ardhi" pale waya wake mmoja unapogusa vizuri chuma cha gari. Usipogusa vizuri, uchafu wote wa dinamo unakosa pa kutokea, unaingia kwenye spika. Waya huo nilikuwa nimeufunga kwa nati kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini. Niliikagua: imekaza, haina kutu hata punje. Nikajisifu, nikaipita. Nikaingia chini ya gari kutafuta kosa kwingine, huku nikimpigia kelele Bwana Nasoro aliyeshika usukani.

"Hapa hakuna ardhi! Jaribu tena! Hii ardhi ni mbovu! Nataka ardhi nzuri, Bwana Nasoro, hatuondoki hapa bila ardhi!"

Nilipotoka chini ya gari niliona miguu mingi. Mbele ya miguu hiyo alisimama mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji chini ya mtemi, na fimbo yake.

"Nimeambiwa mnatafuta ardhi," akasema.

"Shikamoo, mzee. Ndiyo, tunaitafuta tangu alfajiri."

"Marahaba. Na hii iliyopo mnasema ni mbovu?"

"Mbovu sana, mzee. Haifai kitu."

Watu wakanung'unika. Mwanangwa akamgeukia Bwana Nasoro. "Na huyu Mwarabu ndiye atakayekaa?"

"Mimi?" akasema Bwana Nasoro kwa Kinyamwezi chake kizuri. "Mimi ni dereva tu. Fundi ndiye anayeitaka."

Hapo ndipo alipoharibu kabisa. Mwarabu anayejua Kinyamwezi, na mtu mwenye spana anayesema haondoki bila ardhi! Tulipelekwa barazani. Mwanangwa alitueleza kwa upole wenye makali kwamba ardhi ya pale haitolewi kwa mpita njia, kwamba wakubwa wa serikali bomani wakiitaka huja na karatasi, na kwamba hata wakija na karatasi bado lazima mtemi aulizwe. Kila nilipofafanua kwamba ardhi yangu ni ya ndani ya gari, wazee walitazamana. Mmoja akauliza, "Mmekwisha kuipakia?"

Jua lilikuwa karibu kufika utosini Padre aliporudi. Akasimama katikati ya baraza akawaeleza. Lakini aliongea kwa ile sauti yake, na nje ya duara la kwanza hakuna aliyesikia.

"Anasemaje?"

"Sijui. Ananong'ona."

Mama mmoja mwenye kibuyu akasema, bila ubaya wowote, "Padre wa namna hii, nani atamsikia?"

Padre akarudi nyuma hatua moja. Akatazama viatu vyake. Nilisikia uchungu hata nikasahau kwamba sisi ni washtakiwa.

"Mzee," nikamwambia mwanangwa, "twende kwenye gari ukaione hiyo ardhi kwa macho yako."

Tukaenda kundi zima. Gari lilikuwa limesimama juani asubuhi yote na boneti ina moto mpaka huwezi kuishika. Nikawasha ili mzee asikie mvumo, nimwoneshe ubovu uko wapi. Injini ikanguruma dakika chache tu. Spika ikawa kimya kabisa.

"Sisikii kitu," akasema mwanangwa.

"Hata mimi," nikasema.

"Kumbe ardhi yenu imepatikana."

"Imepatikana, mzee. Na sijui imepatikanaje."

Alicheka mpaka fimbo ikamponyoka. Kutoka hapo tulikuwa wageni wake. Alituchinjia kuku, au tuseme alimpa Bwana Nasoro amchinje, kwa sababu Bwana Nasoro hali nyama asiyojua imechinjwaje. Kuku alipoletwa, Padre akakumbuka kwamba ni Ijumaa na yeye siku hiyo hali nyama, akaomba maziwa mgando. Mimi dini yangu haikuwa na neno na yule kuku, kwa hiyo nilikula fungu langu na la Padre. Lakini sikuyafurahia sana. Kosa linalojificha unapolitafuta ni baya kuliko linalokaa mahali pake likakutukana.

Nzega

Njiani kwenda Nzega nilipata nadharia. Asubuhi betri ina njaa, dinamo inailisha kwa nguvu, ndiyo maana inalia. Mchana betri imeshiba, dinamo imepumzika, kelele inaisha. Niliwaeleza wenzangu kwa kirefu. Bwana Nasoro akasema ni maelezo mazuri sana, afadhali kuliko ya jana.

Kwa hiyo Nzega tuliiacha betri katika karakana moja ijazwe mpaka asubuhi. Jumamosi tuliifunga imeshiba kabisa. Nikawasha. Nyuki.

Nilikaa kwenye tairi kuukuu mbele ya mgahawa, chai inapoa mkononi. Padre akaja akakaa karibu yangu.

"Fundi," akasema, "umefanya zaidi ya nilichoomba. Nitahubiri bila mashine. Watakaokuwa kanisani watanisikia."

"Na watakaokuwa nyumbani?"

Akaanza kukwangua tope kwenye kiatu chake.

"Mara ya mwisho kumsikia mama yako ilikuwa lini?"

"Siku niliyoondoka. Alikuwa ndani, analia. Baba alisimama mlangoni, sikuweza kumuaga."

"Basi panda gari," nikamwambia, na nakiri sikumwambia kwa heshima anayostahili padre. "Usinitajie tena habari ya kuhubiri bila mashine."

Jumamosi: kijito baada ya Nzega

Baada ya Nzega tulielekea mashariki, na huko barabara inakutana na udongo mweusi wa mbuga. Mliowahi kunyeshewa huko mnajua. Kwenye kijito kimoja kilichojaa, pikapu ilizama mpaka kwenye ekseli ikakaa kama nyati aliyechoka. Injini ilizimika ikamwagiwa maji, ikapoa. Tulikata matawi, tukasukuma, Padre na kanzu yake ameifunga kiunoni, tukaambulia patupu.

Akatokea mtu na kopo kubwa la asali mgongoni. Jina lake Kulwa, mrina asali, anatoka porini. Alitua mzigo bila kuulizwa, akaingia matopeni pamoja nasi, na kwa nguvu za watu wanne gari likatoka. Bwana Nasoro akakoka moto wa kahawa. Mimi nikawasha injini kuikausha, na kwa ukaidi nikawasha na mashine. Mvumo ukatoka mkubwa kuliko siku zote.

Bwana Kulwa aliruka nyuma. "Nyuki gani hao?"

"Nyuki wa Bwana Nasoro," nikamwambia. "Wananisumbua siku ya tatu leo. Wanaamka asubuhi, mchana wanalala."

Akasogea kwenye boneti iliyokuwa wazi, akainamisha kichwa, akanusa. Akanusa tena.

"Humu mna nta," akasema.

"Ndiyo. Niliipaka mimi." Nikamweleza kwa fahari kidogo. Nta ya nyuki ndiyo dawa yetu ya kila kitu huku Unyamwezi. Baba yangu aliipaka bunduki yake, jembe lake na mnyororo wa baiskeli yake, wala sikuona kutu nyumbani kwetu. Nilipofunga mashine ile niliona mvua zinakuja, nikapaka nta kila mahali waya unapokutana na chuma. Si juu tu. Nilipaka na katikati, pande zote mbili, kama unavyopaka siagi mkate, ndipo nikakaza nati.

"Ya kuzuia nini?"

"Maji. Kutu."

"Na hicho unachotaka kipite hapo, ni nini?"

"Umeme."

Bwana Kulwa akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekalia siafu. "Sisi nta tunazibia nyufa za vyombo," akasema. "Ikiziba imeziba. Haiulizi anayepita ni nani."

Nilisimama pale nimeshika spana. Yote yakajipanga yenyewe. Asubuhi nta ni ngumu, imekaa katikati ya waya na chuma, ardhi hakuna. Mchana injini ikichemka nta inalainika, inakimbia pembeni, chuma kinagusana na chuma, kelele inakufa. Ikipoa, inarudi. Ndiyo maana karakanani, na minadani mchana wa jua kali, mashine ilitoka safi. Dinamo haikuwa na kosa lolote. Betri haikuwa na kosa. Ile nati niliyoipita kwa kujisifu ndiyo iliyonifichia upumbavu wangu siku tatu, na aliyeufanya upumbavu huo ni mimi. Niliona aibu hata masikio yakawaka moto.

"Fundi," akasema Padre kwa sauti yake ndogo, "tunakwenda Ziba, na wewe umeziba."

Bwana Nasoro alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope. Nilimwacha acheke. Nilifungua nati, nikakwangua kwa kisu, lakini nta ilikuwa imeingia katikati ya nyuzi za waya na kisu hakifiki. Palihitajika kitu cha moto, na chenye moto kilikuwa kimoja tu. Nikanyakua birika.

"Kahawa yangu!" akapiga kelele Bwana Nasoro. Kicheko kilimtoka mara moja.

Hiyo ndiyo kahawa niliyoimimina kwenye injini. Haikuwa hasira. Niliimimina polepole juu ya waya mpaka nta ikayeyuka na kudondoka, nikafuta kwa kitambaa chenye petroli, nikapiga msasa chuma mpaka kikang'aa, nikafunga kavu. Kisha nikafanya vivyo hivyo kila mahali nilipopaka. Bwana Kulwa alikusanya nta iliyodondoka, akasema haitupwi. Injini ilikuwa imepoa tena. Nikawasha, nimeshika roho mkononi.

Kimya. Nikamwambia Bwana Nasoro akanyage mafuta mpaka mwisho. Kimya. Padre akaichukua maikrofoni, akamshukuru Bwana Kulwa kwa jina, na kwenye mbuga ile ndege wakaruka.

Ziba

Tuliingia Ziba jioni ya Jumamosi. Kanisa ni dogo, limeezekwa nyasi, liko kwenye mwinuko kama alivyosema. Ng'ambo ya mbuga niliona boma la miiba, ng'ombe wanaingia, na moshi mmoja unapanda.

"Ule moshi ni wa jiko la mama," Padre akasema. Alisimama akiutazama mpaka nikaona nimwache peke yake.

Jumapili nilikuwa macho tangu majogoo. Ilikuwa baridi na umande mzito, asubuhi ya namna ile ile iliyonifedhehesha Kipalapala. Niliegesha gari mbali kidogo na watu, nikavuta waya mrefu wa maikrofoni, nikaielekeza spika kwenye lile boma. Nikawasha injini ya baridi. Mvumo haukuwepo. Kanisa halikutosha, kwa hiyo misa ilisomwa nje, na wengi waliokuja walikuwa wamekuja kuona kama ni kweli kwamba mtoto wa Nkwabi amekuwa bubu.

Kilatini sikukielewa, na Bwana Nasoro aliyekaa nami garini alielewa pungufu yangu. Lakini yalipofika mahubiri, Padre alishika maikrofoni akaongea Kinyamwezi. Hakuhubiri habari ya moto wala dhambi.

"Baba, mwangaluka," akasema. "Mama, mwangaluka." Ndiyo salamu ya asubuhi ambayo kila mtoto huwapa wazazi wake kabla ya neno lingine, naye hakuwa ameitoa miaka yote hiyo. Ilitoka kwenye spika tulivu na wazi, ikavuka mbuga. Watu wakaacha kunong'ona. Kisha akasema, "Mimi ni Anselmi wa Nkwabi. Nkwabi ni wa Shigela. Shigela ni wa Mihambo. Mihambo ni wa Kasubi, aliyekuja hapa na ng'ombe wawili akachimba kisima. Sikuondoka ili kuukata ukoo huu. Kila nitakaposoma misa nitawataja, hata nikiwa mbali, na atakayenisikia atajua nimetoka wapi."

Aliendelea kidogo, akarudi altareni. Nilitazama lile boma. Hakuna aliyetoka. Moshi ulikuwa unapanda kama kawaida. Nilijiambia kwamba kazi yangu nimeifanya, maneno yamefika, mengine si ya fundi. Lakini sitawadanganya, moyo wangu ulikuwa chini.

Misa ilipokwisha watu walimzunguka Padre kwa vigelegele. Mimi nilikuwa nainama kuzima gari, Bwana Nasoro akanishika bega. "Fundi, tazama."

Mzee mmoja mrefu alikuwa anapanda mwinuko kwa fimbo, anatembea haraka kuliko umri wake, suruali imelowa umande mpaka magotini. Watu wakampisha mmoja mmoja na vigelegele vikafa. Alipita katikati yao bila kumsalimu mtu mpaka akasimama mbele ya Padre. Padre akapiga magoti.

"Ni wewe uliyekuwa unataja watu kwenye chombo hicho?"

"Ni mimi, baba."

"Umemruka Maganga," akasema Mzee Nkwabi. "Shigela si wa Mihambo. Shigela ni wa Maganga, na Maganga ndiye wa Mihambo. Unawezaje kumruka Maganga mbele ya watu wote hawa?"

Nilikuwa bado nimeshika swichi. Mwendo wa robo saa, ng'ombe wanalia, na mzee wa umri ule alikuwa amesikia mpaka jina ambalo halikutajwa.

"Nisamehe, baba," akasema Padre. Alikuwa analia waziwazi.

Mzee aligeuka. Alitazama spika, akafuata waya kwa macho mpaka kwenye gari, akafika kwangu na mkono wangu juu ya swichi.

"Wewe, usizime," akaniambia. Kisha akamwinua mwanawe kwa mkono, akamgeuza uso ukaelekea ng'ambo ya mbuga. "Sema tena, tangu mwanzo, pamoja na Maganga. Mama yako amekaa nje anasikiliza."